Maji Chini ya Kitanda, Usiku wa Kwanza Skegness

Pampu ya maji ya karavani, kile kijumba kinachovutwa na gari, ikiwa koki zote zimefungwa na mabomba ni mazima, hunyamaza. Hilo sikulijua usiku ule wa kwanza Skegness, mji wa ufukweni Uingereza. Nililala naisikia inakoroma, inanyamaza, baada ya dakika chache inakoroma tena, nikajisemea hizi ndizo tabia za mashine mpya. Saa tisa usiku binti yetu wa mwisho aliamka kwenda chooni, akarudi akasimama kichwani pangu.

"Baba, zulia limelowa."

Nikadhani ni mambo ya kitoto, ameona haya. Nikashusha mguu. Zulia lilikuwa kama dekio kabla halijakamuliwa. Nikatoka nje na tochi kuangalia pipa la maji, lita 40, nililolijaza mwenyewe baada ya magharibi. Yaliyobaki hayakutosha hata kutawadha. Mengine yote tulikuwa nayo ndani, chini ya kitanda cha wazazi, yanaelekea mlangoni taratibu.

Karavani yenyewe ilikuwa ya kiwandani, nailoni bado ziko kwenye magodoro.

Mimi ni mtu wa Tanga, huu mwaka wa 14 naishi Leicester. Tuna watoto wanne, na ukiwa na watoto wanne Uingereza, hoteli ya siku tatu ufukweni ni bei ya kiwanja. Ndipo tukafikiria karavani: unaivuta na gari lako, unalala humo, unapika pilau lako, huulizi mtu nyama imechinjwaje. Nilipompigia mama simu kumwambia nimenunua karavani alinyamaza kidogo, akauliza, "Msafara? Mnahamia wapi?" Nikamweleza: kijumba cha magurudumu, kina vitanda, jiko, friji na choo. "Sasa si umesema. Umenunua kontena."

Tuliichukua Jumamosi ya mwisho ya Februari, saa nane mchana, kwenye yadi moja ambayo sitaitaja. Ilikuwa inanyesha ile mvua ya manyunyu ambayo wenyeji hawaihesabu kuwa mvua. Nilichelewa, ofisi ilikuwa inafungwa saa kumi na nusu, na nilipofika tu likazuka la plagi. Karavani za sasa hutoka na plagi ya pini 13, ya kuchukua umeme wa gari. Gari langu, nililolinunua likiwa na chuma cha kuvutia tela tayari, lilikuwa na soketi ya zamani ya pini 7. Wakaniuzia kiunganishi. Kiliwasha taa za barabarani, basi. Umeme wa friji njiani na wa kuchaji betri haukupita. Nusu saa imeshakwenda hapo, na watoto kwenye gari wanapigana.

Fundi wa makabidhiano alikuwa kijana mpole mwenye mdomo wa haraka. Hapa taa, hapa hita, hapa jiko, kitanda kinavutwa hivi. Tulipofika kwenye maji akasema mfumo wameukausha kwa sababu ya baridi. Hilo ni kweli kabisa: maji yakiganda ndani ya mabomba hupasua viungo, kwa hiyo karavani ikisimama wakati wa baridi hukaushwa. "Lakini kila kitu kimejaribiwa," akasema. Nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Kwa dakika 40 nilimaliza kukabidhiwa kitu cha gharama kuliko chochote nilichowahi kununua, ukitoa nyumba. Nikasaini kurasa nne. Moja ilisema nimeonyeshwa vyote na vyote vinafanya kazi.

Tukaipeleka nyumbani, tukaifunika, tukangoja Pasaka. Kosa langu kubwa lilikuwa hapo, kwenye kungoja. Sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kukirudisha kitu kibovu na kudai pesa yake yote. Siku 30 zinahesabiwa tangu ukichukue, hazingoji hali ya hewa iwe nzuri wala shule zifungwe. Sisi tulifungua maji kwa mara ya kwanza wiki ya saba. Baada ya siku 30 haki bado unayo, maana kwa miezi sita ya mwanzo kasoro huhesabiwa ilikuwapo tangu siku ya kwanza mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo, lakini anapewa kwanza nafasi ya kutengeneza. Nasi tukatengenezewa. Wiki tatu karavani iko kwao, sakafu inakaushwa kwa mashine. Chanzo kilikuwa bomba la plastiki lililotakiwa kusukumwa mpaka mwisho ndani ya kiungio, nalo lilikuwa limesukumwa nusu. Kilichopungua ni kama urefu wa ukucha. Mtu akifungua koki na kusubiri dakika kumi, angekiona.

Mwaka uliofuata mume wa dada yangu, wanaishi Milton Keynes, akanunua ya kwake. Akanipigia: "Shemeji, wewe umeshaumwa na nyoka. Njoo uniangalizie nyasi."

Safari hii kazi ilianza kwa simu, wiki moja kabla. Niliwaomba wa yadi mambo matatu: karavani iwekwe kwenye umeme tangu jana yake na friji iwe imewashwa, maana friji hizi zinachukua saa nyingi kupoa na huwezi kuijua kwa kuishika dakika tano, maji yawemo, baridi isiwe sababu, na mtungi wa gesi uwepo, hata wa kuazima. Dada wa mapokezi akasema kwa kawaida hawafanyi hivyo. Nikamwambia tutasubiri siku watakayoweza. Wakaweza. Shemeji naye nilimshauri sehemu ya malipo, hata paundi 200 tu, ailipe kwa kadi ya mkopo, kwa sababu kwa kitu cha zaidi ya paundi 100 na kisichozidi paundi 30,000 sheria ya mwaka 1974 inaibana benki ya kadi pamoja na muuzaji. Mimi ya kwangu niliilipa yote kwa kuhamisha benki, nikajiona mjanja nimekwepa riba.

Tulifika saa tatu asubuhi, kukavu, jua bado liko ubavuni. Hilo nimelirithi kwa marehemu baba, aliyekuwa haangalii gari mchana wa saa sita wala likiwa limetoka kuoshwa. Jua la ubavuni linaonyesha kila kibonyeo. Nilipiga magoti kila kona nikatazama bati kwa mlalo, kama seremala anavyotazama ubao. Kisha nikapitisha kidole kwenye viungo vyote, pale ukuta unapokutana na paa, kuzunguka madirisha, kuzunguka taa. Adui wa karavani ni maji ya mvua yanayoingia mahali pasipoonekana na kuozesha mbao taratibu miaka mitatu. Nyuma ya taa ya kulia kulikuwa na pengo la silikoni, kama sentimita nne. Fundi akalitazama, akasema "aa," akaenda kuchukua bunduki ya silikoni. Nikaomba pia atupimie unyevunyevu kwa kile kimashine cha pini mbili, ukuta kwa ukuta, na namba aziandike. Chini ya asilimia 15 ni salama. Ikivuka 20 kuna jambo. Karavani mpya lazima iwe chini, lakini faida ya zile namba ni kwamba mwakani ukipeleka sevisi una cha kulinganishia. Na sevisi ya kila mwaka usiikose, ndiyo sharti la waranti ya kuvuja.

Karavani Uingereza haina kadi ya umiliki ya serikali kama gari, hailipi kodi ya barabara, wala haipelekwi kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Kinachoitambulisha ni namba yake ya tarakimu na herufi 17, iliyochongwa kwenye chasisi na kuandikwa kwenye vioo vya madirisha, na karatasi ya usajili inayotolewa na mpango wa sekta ya karavani yenyewe, CRiS. Shemeji alisoma za kwenye karatasi, mimi nikafuata dirishani kwa kidole. Herufi moja ilikataa. Karani alikuwa ameandika tu vibaya, lakini karavani huibwa sana, na siku ikiibwa sitaki kumweleza mtu wa bima habari za karani.

Matairi watu hupiga teke na kupita. Pembeni ya tairi kuna tarakimu nne mwisho wa maandishi: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ukiona 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la karavani huzeeka kwa kusimama juani kabla halijalika, na wenyewe hapa wanashauri libadilishwe likifika miaka mitano, lisizidi saba. Karavani inaweza kuwa mpya lakini imekaa yadini msimu mzima. Za shemeji zilikuwa za mwaka huohuo. Tairi la spea tulilitafuta chini ya sakafu, tukalala chali wote wawili, suruali zikachafuka, tukaliona.

Pembeni ya mlango kuna kibati cha uzito, na hapo tulikaa muda mrefu kuliko mahali pote. Kilisema mwisho wa uzito ikiwa imepakiwa ni kilo 1,450. Karatasi za kiwanda zilisema tupu ni 1,300. Shemeji akafurahi: "Tuna kilo 150!" Tukahesabu. Kile kimota cha kuisogeza karavani bila gari, alichofungiwa kama nyongeza, kilo 30 na ushee. Betri zaidi ya 20. Hema la mlangoni na vyuma vyake 25. Zikabaki kama 75 za watu watano: nguo, viti, mashuka, chakula. Namjua dada yangu, hasafiri bila mbuzi ya kukunia nazi, sufuria mbili za ubwabwa na mchele kilo kumi. Shemeji akakuna kichwa. Yadi wakamwambia kiwanda kinaweza kumpandishia kiwango kwa karatasi na kibati kipya, kwa sababu chasisi inahimili. Akalipa palepale, na gari lake kwa bahati lilikuwa zito la kutosha. Klabu za wenye karavani hushauri mgeni asivute kinachozidi asilimia 85 ya uzito wa gari lake.

Uzito wa puani, yaani ule unaolalia lile tufe la chuma nyuma ya gari, ni habari nyingine. Unatakiwa uwe kama asilimia 5 hadi 7 ya karavani iliyopakiwa, na usizidi kilichoandikwa kwenye gari. Ukiwa mdogo, karavani hutikisa mkia kwenye mwendo, na mkia ukishika kasi gari huligeuza. Unapimwa kwa mzani wa bafuni na kipande cha mbao. Nilikwenda na mzani wetu. Wauzaji walitoka ofisini kutazama.

Kwenye gesi shemeji aliniaibisha kidogo. Alikaza nati ya mtungi mwekundu kwa nguvu zake zote, nayo inazidi kulegea, maana nati ya propani hufungwa kinyume, kwa kushoto. Mtungi wa bluu ni butani, huo ni wa kiangazi. Baridi ikifika nyuzi sifuri hautoi gesi ya maana. Propani inatoka hata kukiwa na theluji. Tukawasha mafiga yote manne, oveni, hita na maji ya moto kwa pamoja, tukapaka povu la sabuni kwenye viungo vya nje kama tunavyofanya nyumbani. Halafu nikamwonyesha matundu ya sakafuni chini ya jiko. Gesi ikivuja hutoka nje kupitia hayo, kwa sababu ni nzito kuliko hewa na hutuama chini kama maji. Yetu mke wangu aliyaziba kwa tepu majira ya baridi, upepo ulikuwa unampiga miguuni, na mimi nikamsifu. Nashukuru sana hatukulala humo yakiwa yamezibwa.

Umeme ulipita haraka. Unabonyeza kile kitufe cha majaribio kwenye boksi la swichi, kinatakiwa kikate palepale, unakirudisha, unajaribu kila soketi. Vingora vya moshi na vya gesi ya kaboni monoksaidi unavibonyeza vipige kelele. Waya wa nje wa mita 25 unakunjuliwa wote hata kama unahitaji mita tano, kwa sababu ukiachwa umeviringishwa hupata moto.

Halafu maji. Tulifungua koki zote mpaka hewa ikaisha na zikaacha kukohoa, tukawasha ya moto, tukafunga. Pampu ikanyamaza. Nikamwomba fundi chai. Akaniangalia, akaileta. Tukakaa ndani, mimi na shemeji na yule fundi, hakuna anayesema, tunaisikiliza pampu kama watu wanaosubiri mwezi uandame. Dakika kumi, kimya. Nikatandaza karatasi za chooni, kavu, chini ya kila kiungo ndani ya makabati na chini ya vitanda, maana karatasi inaonyesha tone moja ambalo mkono hausikii. Zikatoka kavu. Shemeji akaanza kutabasamu. Nikamwambia bado maji machafu. Tukajaza sinki la jikoni, tukalifungua lote kwa mpigo mmoja, na kabati la chini likaanza kulia "tii, tii, tii." Bomba la kutolea uchafu lilikuwa limeegeshwa tu kwenye sinki, klipu yake imelala pembeni na haijawahi kufungwa.

Fundi alinyanyua ile klipu akaitazama kwenye kiganja. Akasema, taratibu, kwamba ana karavani tano za kukabidhi siku hiyo. Sikumjibu. Namwamini, na nadhani yule wa kwangu naye alikuwa na tano zake.

Kilichotuchekesha ni mwisho, wakati wa kufunga karavani kwenye gari. Shemeji, kwa malezi mema, alikuwa amelipaka grisi lile tufe jipya mpaka linang'aa. Fundi akakataa kuunga. Kichwa cha karavani hii kina vibati vya msuguano vinavyoshika tufe ili kuzuia kuyumba. Vikikuta grisi haviwezi kushika, na hata rangi nyeusi ya kiwandani lazima iondolewe. Basi tukapewa msasa na kitambaa, watu wazima wawili tumechuchumaa nyuma ya gari tunasugua. Mafundi wa Tanga wangetuona, tungekosa pa kuweka sura. Baada ya hapo kamba ya chuma nyekundu, ambayo karavani ikichomoka huvuta hendibreki yake yenyewe, ikafungwa kwenye chuma cha gari. Gurudumu dogo la mbele likapandishwa, miguu minne ya pembeni ikakunjwa, vioo virefu vya pembeni vikafungwa. Mimi nikasimama nyuma kusoma taa: breki, kushoto, kulia. Namba ya nyuma iwe ya gari linalovuta, tuliitengeneza mapema.

Leseni shemeji alikuwa nayo ya huku. Ya Tanzania haibadilishwi, unaiendeshea miezi 12 kisha unafanya mtihani upya, na tangu tarehe 16 Desemba 2021 mtihani wa gari dogo unatosha kuvuta tela la hadi kilo 3,500. Nilimkumbusha mwendo tu: maili 60 kwa saa kwenye barabara kuu zilizogawanywa katikati, 50 kwenye zisizogawanywa, na njia ya kulia kabisa ya barabara ya njia tatu asiiguse.

Tuliondoka saa nane mchana. Hawakwenda Milton Keynes. Niliwakatia usiku mmoja kwenye kambi ndogo iliyo maili sita kutoka yadini, wafungue kila kitu, wapike, waoge, wawashe hita mpaka asubuhi, ili kikiharibika chochote wawe jirani na waliowauzia, na siku ya kwanza kati ya zile 30. Dada yangu alinuna kulala kambini maili sita tu kutoka dukani. Mimi nikarudi Leicester.

Saa sita usiku simu ikalia.

"Shemeji," ananong'ona. "Pampu imelia."

Nikakaa kitandani. "Mara ngapi?"

"Mara moja. Sekunde mbili hivi."

"Imerudia?"

"Bado. Nasikiliza."

"Mpo wote kitandani?"

Kimya. Nikasikia anajigeuza, anapapasa. Kisha mlango mdogo ukafunguliwa huko kwao, na sauti ya dada yangu, kali, ikiuliza nani anapigiwa simu saa hizi.

"Alikuwa chooni," shemeji akasema, akakata.